Panya wa Betri

Winnipeg, Januari, na dirisha limeota manyoya meupe
kwa ndani. Karani ameyalamba,
ameacha kijitundu cha ulimi cha kuchungulia
barabara ya Ellice: basi moja,
mtu mmoja aliyejifunika hadi kope,
theluji ikirushwa kama pumba kwenye ungo.

Paka wa nyumba haingwa, walisema wahenga.
Huyu hata mlango ukiachwa wazi haondoki:
hunusa ile baridi ya thelathini chini ya sifuri,
akanigeukia
kana kwamba mimi ndiye niliyeiagiza.

Basi nikamnunulia vitu vya kujiendesha,
maana zamu yangu ni saa kumi, na ukuta hauchezi na mtu.
Kwanza taa. Doa jekundu sakafuni
saa nne, saa saba, saa kumi, kama dawa ya hospitali.
Siku mbili alilikimbiza hadi akajigonga kwenye friji.
Siku ya tatu alikaa kitako, akaitazama taa yenyewe,
si doa,
kama aliyekwisha mjua mwongo na nyumba anamolala.

Halafu mpira. Ulijiviringisha, ukakwama chini ya kochi,
ukawa unakoroma humo usiku kucha
kama mgeni asiyeaga.

Ndipo akaja panya. Wa kijivu, mkia wa raba,
dola kumi na nane na senti zake,
betri tumboni, saa kichwani:
hulala, huamka, hukimbia kando ya ukuta,
hukata kona, hujifia ghafla.
Huyo Karani alimkubali.

Mapumzikoni nilikuwa nikiwatazama kwenye simu,
kamera ndogo nimeiweka juu ya kabati.
Makalio yanatikisika. Masikio yamelala.
Kisha wote wawili hawapo,
nami nabaki nikikodolea zulia
mpaka kengele inaniita kwenye vifurushi vya watu.

Sikujua anampeleka wapi akishamuua.

Jumanne, alfajiri ya giza, nikatia mguu kwenye buti,
nikahisi soksi iliyojikunja. Nikavuta:
panya, amelowa mate, ametulia.
Basi lilikuwa linakata kona. Nikamtumbukiza
kwenye mfuko wa chakula, kando ya wali,
nikakimbia.

Saa saba kamili mfuko wangu ukaanza kutembea.
Ukaipita chupa ya chai ya Ligaya,
ukaipita simu ya Gurdeep,
ukafika ukingo wa meza, ukaanguka, ukajifungua.

Nani alipiga kelele sitamtaja. Alipanda kiti.
Gurdeep, mwenye goti bovu,
alikuwa wa kwanza kupiga magoti.
Panya wengi hawachimbi shimo,
na sisi kumi na mmoja hatukuweza kumshika mmoja:
chini ya mashine ya soda, kati ya ndoo na fagio,
hodari wa kubeba makontena tunatambaa,
vizibao vya rangi ya chungwa vinafagia sakafu.

Akaingia msimamizi, Bwana Kowalchuk, na karatasi zake.
Panya akapita katikati ya viatu vyake.
Alitazama kushoto. Alitazama kulia.
Akaweka karatasi juu ya maikrowevu,
akachuchumaa.

Pale pale panya akajifia, katikati ya ukumbi.

Hakuna aliyemgusa. Tulikaa vile vile,
pumzi tumezishika, vidole vimegusa sakafu,
tukimngoja aamke.

Kengele ililia. Haikutuinua mara moja.

"Anakulisha," Ligaya aliniambia tukivaa glavu.
"Anakuona kila siku unatoka kuwinda,
kila siku unarudi mdomo mtupu."

Usiku nikamrudishia. Karani alimnusa kwa kirefu,
mkono kwa mkono, watu kumi na mmoja,
sabuni ya choo, mchuzi wa Gurdeep, karatasi.
Akapiga chafya.
Akamwinua kwa shingo, mkia ukiburuta,
akampeleka kwenye buti.

La kushoto, safari hii.